Mjadala: Je, ni haki Tirol kuwafungia barabara za vijijini wasafiri wanaokwepa foleni na tozo?

Mleta mada

Ndugu zangu, kila likizo za shule zinapokaribia, sisi tunaoishi kusini mwa Ujerumani na kusafiri kwa magari-nyumba huanza kuulizana njia ya kufika Italia bila kukaa kwenye foleni na bila kulipa tozo. Jibu huwa ni lile lile: ukifika Innsbruck, Austria, achana na barabara kuu ya kulipia ya A13, shika barabara ya zamani, B182, inayopita Matrei, Steinach na Gries, nawe utaibukia Brenner, mpakani mwa Austria na Italia, bila kutoa hata senti. Nimeipita njia hiyo mwenyewe na nimewaelekeza wengine. Leo naleta hoja iliyo kinyume na ushauri wangu wa zamani. Naamini jimbo la Tirol, ambako njia hiyo inapita, lina haki ya kuwazuia wapita njia wasiingie vijijini, na kwamba tunapaswa kulizingatia hilo tunapopanga safari hata siku ambazo hakuna askari wa kuturudisha.

Kwa wasiofahamu, tangu Juni 2019 Tirol imekuwa ikiweka makatazo katika majira ya safari nyingi: mwishoni mwa juma, kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 1 jioni, gari linalopita tu haliruhusiwi kuacha barabara kuu na kujipenyeza vijijini ili kukwepa msongamano. Anayekwenda hotelini, kambini au kwa mwenyeji wake katika eneo husika anaruhusiwa. Makatazo yalianzia maeneo ya Innsbruck, kisha yakaenea hadi wilaya za Reutte na Kufstein.

Kilichonigeuza ni Jumamosi moja ya Agosti, kabla makatazo hayo hayajaanza. Programu ya ramani ilituambia tutaokoa dakika ishirini, tukashuka kutoka A13, na bila shaka iliwaambia hivyo hivyo mamia ya wengine, kwa maana tulipoingia Matrei barabara nzima ilikuwa imesimama. Mtaa mkuu wa pale ni mwembamba na nyumba zake za kale zimeusogelea pande zote mbili. Gari letu lina urefu wa mita 7 na upana wa mita 2.3 bila vioo. Lori dogo lilipokuja mbele yetu, mke wangu alishusha dirisha ili akikunje kioo cha pembeni kwa mkono, na vidole vyake vikagusa maua mekundu yaliyopandwa kwenye sanduku chini ya dirisha la mtu. Ndani ya dirisha hilo alikaa bibi mzee, mezani, umbali usiozidi mita moja na nusu kutoka kwetu. Hakututukana wala hakututazama. Alinyanyuka akafunga dirisha, siku ya joto kali kama ile. Baadaye kidogo gari la wagonjwa likapiga king'ora nyuma yetu na hapakuwa na nafasi ya kuliachia njia. Lilipita baada ya magari kadhaa kupanda njia ya waenda kwa miguu mbele ya duka la mikate, na gari letu lilikuwa mojawapo.

Tulichokiita kuokoa tozo kilikuwa na mlipaji, naye ni yule bibi. Kwa gari lisilozidi tani 3.5, stika ya kioo inayoruhusu kutumia barabara kuu za Austria kwa siku 10 mwaka 2025 iliuzwa euro 12.40, na kipande cha Brenner kina tozo yake ya pekee. Sidharau fedha hizo, hasa kwa familia inayosafiri kwa kujibana. Lakini mtu hawezi kuzihamisha kutoka mfukoni mwake na kuziweka kwenye usingizi, hewa na usalama wa watu wasioshirikishwa, kisha akaita hiyo ni mipango mizuri ya safari.

Karibuni tujadili. Ninaomba hoja zinazopinga zaidi kuliko zinazoniunga mkono.

Mchangiaji kutoka Stuttgart

Ndugu mleta mada, nakuheshimu, lakini umeruka jambo la msingi. B182 si ua wa nyumba ya mtu; ni barabara ya umma iliyojengwa kwa ajili ya kupita. Ukiruhusu jimbo moja lifunge barabara zake kwa wageni na kuziacha wazi kwa wenyeji, kesho kila bonde litafanya vivyo hivyo na uhuru wa kusafiri ndani ya Umoja wa Ulaya utabaki kwenye makaratasi. Ndiyo maana mwaka 2019 Andreas Scheuer, aliyekuwa waziri wa uchukuzi wa Ujerumani, alitishia kwenda mahakamani.

Pili, tatizo lina dawa nyingine na Austria yenyewe inaijua. Magari yaliyokwepa stika yalikuwa yakiusonga mji wa Kufstein. Desemba 2019 walifanya nini? Waliondoa sharti la stika kwenye barabara kuu ya A12 kuanzia mpaka wa Ujerumani hadi Kufstein-Süd, na vilevile kwenye kipande cha A14 kinachopita Bregenz. Waliona kwamba mkwepaji anasukumwa na tozo, wakaiondoa tozo.

Tatu, tazama nyumbani. Barabara ya juu ya Nairobi, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilipofunguliwa mwaka 2022, ile ya chini ilibaki bure. Mwenye haraka analipa, asiye nayo anapita chini. Huo ndio uungwana: tozo iambatane na njia mbadala.

Mchangiaji kutoka Kempten

Mimi sitaki kubishana, nauliza tu. Sisi hatupiti Brenner kabisa. Tunashuka kwa Füssen, Reutte na njia ya milimani ya Fernpass, kisha Landeck na Reschen hadi Merano, na hatununui stika kwa kuwa hatugusi barabara kuu za Austria. Je, kwa hoja yako kaka, nasi ni wakosaji?

Mleta mada

Nawashukuru wote wawili. Nianze na ndugu wa Stuttgart, kwa kuwa mfano wake wa Kufstein ni mzito na unanilazimisha kurekebisha kauli yangu. Ni kweli, pale tozo ilikuwa ndiyo kisukuma, kwa sababu mtu alidaiwa stika kwa kilomita chache tu za kuvuka mpaka, na kuiondoa ilikuwa haki. Brenner ni habari nyingine. Wanaoshuka Matrei siku za Jumamosi wengi wana stika tayari kwenye kioo. Wamechoshwa na foleni. Ondoa tozo ya A13 leo, magari yataongezeka na foleni itarefuka, na watakaoshuka vijijini watakuwa wengi zaidi. Tena tangu 1 Januari 2025 magari hupita kwa njia moja kila upande kwenye Luegbrücke, daraja la A13 la mwaka 1968 lililo karibu na Gries, kwa kuwa limechakaa na linajengwa upya. Hufunguliwa njia mbili siku za msongamano mkubwa tu.

Kuhusu Nairobi, mfano wako unasimama upande wangu. Chini ya ile barabara ya kulipia ipo Mombasa Road, ambayo nayo ni barabara kuu, iliyojengwa kubeba malori na mabasi. Haikupita sebuleni kwa mtu. Ninayemhofia ni mkazi wa Njabini na Ol Kalou pale upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit, uliozinduliwa Novemba 2025, utakapokamilika na tozo kuanza, kwa maana wakwepaji wa kutoka Nairobi kwenda Nakuru watazitafuta barabara za huko. Njia mbadala ya bure ni haki, nakubali kabisa, ila iwe njia inayobeba magari hayo, nayo itengenezwe kabla ya tozo kuanza kukusanywa.

Dada wa Kempten, wewe si mkosaji kwa kutonunua stika. Hakuna sheria inayokulazimisha kutumia barabara kuu. Swali ni siku na saa. Fernpass Jumamosi ya Agosti saa 4 asubuhi ni foleni ile ile inayojaa mbele ya nyumba za watu wa Reutte na Nassereith. Fernpass Jumanne alfajiri ni barabara ya kawaida. Hapa ndipo ninaposema mwenye gari-nyumba ana udhuru mdogo kuliko wasafiri wote, kwa kuwa amebeba kitanda na jiko lake. Sisi siku hizi tunaondoka Jumatatu jioni, tunalala kwenye maegesho yanayoruhusiwa upande wa Bavaria, na saa 11 alfajiri tayari tunapanda Brenner. Watoto huamka tukiwa upande wa Italia, na chai tunaichemshia Sterzing.

Tunapoelekea Milano au Como hatupiti Austria isipokuwa kile kipande cha Bregenz kisichodai stika. Tunaingia Uswisi kwa stika ya mwaka ya faranga 40, tunafuata Chur na San Bernardino hadi Bellinzona, na mahandaki yote ya njiani hayana tozo ya ziada. Ukigawanya faranga hizo kwa safari tatu za mwaka, sioni hoja ya kutafuta vichochoro.

Wenye magari yaliyosajiliwa kwa uzito unaozidi tani 3.5 wana mzigo mkubwa zaidi. Austria huwatoza kwa kilomita kupitia kisanduku cha GO-Box kulingana na idadi ya ekseli na kiwango cha moshi, na stika ya Uswisi haiwahusu. Ningependa kusikia kutoka kwao: mlipopiga hesabu ya kilomita zote, je, kuna siku mliona hakuna budi kupita vijijini, na mlipita saa ngapi?