Tupeane uzoefu: Kusoma usanidi wa ruta kwa skripti ya Perl

Mwanzisha mada
Ndugu wanachama, kazini nilikabidhiwa faili za usanidi (mipangilio) wa ruta za Cisco, nikatakiwa kutoa jedwali la kila kiolesura (sehemu ruta inapoungana na mtandao) na anwani yake ya IP. Skripti yangu ya Perl (lugha ya kuandikia programu) ilisoma mstari mmoja mmoja: ikikuta neno `interface` mwanzoni mwa mstari inashika jina, kisha mistari inayofuata iliyoanza kwa nafasi inaihesabu kuwa ya kiolesura hicho. Jedwali lilitoka safi, ila anwani kadhaa hazikuwa zenyewe. Nilipofungua faili nikakuta hivi:

` ip address 10.20.8.1 255.255.255.0 secondary`
` ip address 10.20.4.1 255.255.255.0`

Kumbe ruta huandika anwani ya ziada kabla ya ile kuu, nami nilikuwa nachukua ya kwanza na kuendelea na safari. Sasa nazikusanya zote katika orodha, na yenye neno `secondary` naiwekea alama. Wenzangu yamewakuta yapi?

Mchangiaji wa pili
Mkuu, mimi nilipenda njia ya mkato. Kwa kuwa vifungu vya usanidi hutenganishwa kwa alama ya mshangao, niliiweka `$/`, kigezo kinachoiambia Perl kipande kimoja cha kusoma kinaishia wapi, iwe `"!\n"` (`\n` ni alama ya mwisho wa mstari) ili inisomee kifungu kizima kwa mkupuo. Ilikwenda vizuri mpaka nikafika kwenye ruta moja ambayo fundi aliandika `description KIUNGO CHA TANGA USIZIME!`, kifungu kikakatika hapo hapo na anwani iliyokuwa chini yake ikabaki yatima, haina kiolesura. Nikabadili iwe `"\n!\n"`.

Mchangiaji wa tatu
Hiyo nayo iliniangusha. Faili zangu zilihifadhiwa kwenye Windows, kila mstari ukiishia na `\r` (herufi nyingine isiyoonekana) kabla ya `\n`, kwa hiyo kitenganishi hakikuonekana hata mara moja na faili zima likasomwa kama kifungu kimoja. Nilipoteza siku nzima nikiilaumu ruwaza yangu ya kutafutia maandishi, isiyo na kosa. Siku hizi nafuta kwanza kila `\r`, ndipo nakata vifungu. Na aliyenakili usanidi kutoka kwenye skrini bila kutoa amri ya `terminal length 0`, inayoizuia ruta kusimama kila skrini ikijaa, atazikuta pia alama za kusimama huko, `--More--`, katikati ya mistari.

Mwanzisha mada
Nashukuru. Nimezitafuta `--More--` kwenye faili zangu sasa hivi, na zimo katika nne.