Mbio za gokati za watoto Nakuru: mizani ya magunia, injini zisizopimwa, matokeo yasiyo na saa. Tumechoka!

Wadau, wikendi ya mbio za gokati (vigari vidogo vya mbio visivyo na paa) za watoto iliyoisha hapa Nakuru haikustahili kuitwa mashindano. Watoto wa miaka 8 hadi 14 waliletwa kutoka Kisumu, Kericho, Eldoret na Kakamega. Ada ililipwa mapema kwa M-Pesa, hakuna aliyebembelezwa. Halafu kupima, kukagua na kuandika, mambo ambayo bila hayo mbio za watoto zinageuka bahati nasibu yenye injini, yakafanywa ovyo au yasifanywe kabisa. Waandaaji siwataji. Wanajijua, na wengine wanausoma uzi huu sasa hivi.

Naanza na mizani, maana ndiyo iliyoliza watoto.

Kanuni ilisema gokati pamoja na dereva, akiwa na helmeti na mavazi yake yote, wasipungue kilo 120. Hakuna aliyepinga. Mizani iliyoletwa ni ile ya jukwaa ya kupimia magunia ya mahindi, ikatuliwa juu ya murram penye mteremko, pembe moja ikainuliwa kwa kipande cha ubao. Jukwaa lenyewe ni dogo kuliko gokati, kwa hiyo zikalazwa mbao mbili za kubeba magurudumu. Ukipima hivyo lazima utoe uzito wa mbao. Jumamosi ulitolewa. Jumapili baada ya fainali karani alikuwa mwingine, naye hakuutoa. Gokati nne za kwanza zikapita na mbao zao. Ya tano ikiwa juu ya jukwaa, mtu akamkumbusha karani, akautoa, na mtoto huyo akaonekana amepungukiwa gramu 600. Akafutiwa matokeo papo hapo. Wale wanne hawakurudishwa kupimwa upya.

Sasa fanyeni hesabu. Gokati ile ile, mtoto yule yule, Jumamosi jioni walipita wakiwa na kilo 1.1 juu ya kiwango. Kati ya Jumamosi na Jumapili zimepotea kilo 1.7. Zimekwenda wapi? Tangi la injini hizi linabeba lita 3.1, na lita ya petroli ina uzito wa kama gramu 740. Ikifanya kazi kwa nguvu zake zote injini inakula kama lita 1.7 kwa saa. Fainali ya dakika kumi inakula lita 0.3 hivi, yaani gramu 200 na kidogo. Hata mtoto akitoka jasho vipi, hujafika kilo 1.7. Iliyobadilika ni mizani, na mtoto ndiye aliyeadhibiwa.

Mizani ya mashindano inawekwa kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa na haihamishwi mpaka Jumapili jioni. Iwe na muhuri wa maofisa wa vipimo, kama Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513, inavyodai kwa mizani ya biashara yoyote. Ifunguliwe Ijumaa kila mtu ajipimie mwenyewe. Pembeni pawe na vyuma vya uzito unaojulikana, kilo 20 kila kimoja, ili mtu akilalamika mizani ijaribiwe mbele yake. Gokati ikipungua, inashushwa, mizani inarudishwa sifuri, inapimwa mara ya pili, tarakimu inaandikwa, mzazi anatia sahihi. Hilo zoezi halimalizi dakika tano.

Na kwa vile watoto wembamba wanaongezewa vyuma vifikie kiwango, hebu tazameni vilivyofungwa. Kulikuwa na gokati yenye bamba la kilo kama 8 nyuma ya kiti, limeshikwa kwa waya wa kufungia ua. Mkaguzi alilipita, akabandika stika ya "imekaguliwa" sentimita chache kutoka kwenye waya ule. Kanuni za kimataifa za gokati zinataka uzito wa ziada ufungwe kwa spana, kwa bolti zisizopungua mbili za milimita 6. Dereva wa gokati hana mkanda wala fremu ya kumkinga. Bamba hilo likichomoka kwenye kona, linampata mtoto wa nyuma, na uso wake uko usawa huo huo.

Breki pia hazikuguswa. Fimbo kati ya pedali na pampu ya breki lazima iwe na mwenzake wa akiba, na mwenzake huyo akiwa kebo, isipungue unene wa milimita 1.8. Mkaguzi anapiga goti, anaivuta kwa kidole, anasimama. Nani alipiga goti Jumamosi?

Injini sasa. Daraja hili linatumia injini za aina ya GX200 na nakala zake, zile zile za pampu za maji: silinda moja, ujazo wa sisi (cc) 196, kipenyo cha silinda milimita 68, mwendo wa pistoni milimita 54. Kiwandani imepangiwa kufanya kazi kwenye mizunguko 3,600 kwa dakika, na gavana yake, yaani kidhibiti mwendo, ndiyo inayoishikilia hapo. Bila mzigo haitakiwi kupita 4,000. Kwenye mstari wa kuanzia mlisikia wenyewe. Injini mbili au tatu zilikuwa zinapiga kelele ya pikipiki.

Kudanganya ni rahisi mno: unatoa springi ya gavana au unafunga mkono wake kwa waya, na kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa, inafunguka bila kizuizi. Kumkamata mdanganyifu nako ni rahisi. Kuna kipima mizunguko kidogo ambacho waya wake unazungushwa kwenye waya wa plagi. Toa cheni, washa, kanyaga mpaka mwisho sekunde chache, soma. Ukaguzi ukiisha, boliti za kifuniko na mkono wa gavana zinafungwa kwa waya na lakiri yenye namba, na namba inaandikwa kwenye fomu. Wikendi nzima hapakuonekana lakiri hata moja.

Tena msidhani hili ni suala la ushindi tu. Flaiwili ya injini hizi, lile gurudumu zito linalozunguka nayo, imetengenezwa kwa mwendo wa pampu ya maji. Vivyo hivyo kondrodi, ule mkono unaoshika pistoni. Ukiziendesha mbali kupita kiwango, kondrodi inavunjika na kutoboa kasha, au flaiwili yenyewe inapasuka. Na injini ya gokati inakaa wapi? Ubavuni mwa kiti, karibu na mbavu za mtoto.

Nije kwenye vizuizi. Tairi za lori zilijazwa udongo zisihamehame. Tairi iliyojaa udongo haibonyei, ni ukuta. Kizuizi cha gokati ni tairi tupu za magari madogo, zimefungwa pamoja kwa bolti au kwa mkanda mpana, zikigongwa zisogee zote kwa pamoja na kumeza mshtuko. Nyuma yake pawe na nafasi, siyo nguzo ya mti kama pale kona ya mwisho.

Na ambulensi. Jumapili mchana iliondoka uwanjani na mtu mzima aliyeumia kwenye mbio za magari. Sina neno na hilo, ndiyo kazi yake. Lakini hiti (mbio ya mchujo) ya watoto ilianzishwa huku haijarudi! Ikiondoka, kila injini inazimwa mpaka irudi au ije nyingine. Kaunti hii ndiyo yenye Naivasha, ambako Safari Rally imekuwa ikifanyika tangu ilipoingia tena kwenye ratiba ya dunia mwaka 2021. Watu waliofundishwa usalama wa mbio tunao. Hawakuitwa.

La mwisho ni matokeo. Yalitangazwa kwa spika wakati wa kugawa vikombe, hayakubandikwa popote. Kwa sheria za kimataifa za michezo ya magari, malalamiko juu ya matokeo yanapelekwa ndani ya dakika 30 tangu matokeo ya awali, yasiyo ya mwisho, yabandikwe. Yasipobandikwa na kuandikwa saa, dakika hizo zinaanza kuhesabiwa lini? Mzazi wa yule mtoto wa gramu 600 aliambiwa amechelewa. Amechelewa kutoka wapi?

Nasubiri majibu, na nayataka kutoka kwa waandaaji.

Mchangiaji wa pili (fundi, Kisumu):

Mkubwa, umesema kweli, ila umeruka jambo linalotuumiza sisi wa huku chini ziwani. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya bahari, Nakuru kama 1,850. Watengenezaji wa injini hizi wanaandika kwenye kitabu chao kwamba nguvu hupungua kama asilimia 3.5 kwa kila mita 300 unazopanda. Kwa Kisumu ni kama asilimia 13, kwa Nakuru inapita 21. Hiyo inampata kila mtu, haina ubishi. Ubishi uko kwenye jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli. Hewa ikiwa nyepesi na jeti ikibaki ile ile, petroli inakuwa nyingi kuliko hewa. Plagi inatoka nyeusi yenye masizi, na injini inakohoa ikitoka kwenye kona. Dawa yake ni jeti kuu yenye tundu dogo zaidi. Kitabu hicho hicho kinashauri kabureta irekebishwe kwa anayefanya kazi siku zote juu ya mita 1,500.

Kanuni ya wikendi ilikataza, ikasema jeti ya kiwandani peke yake. Basi zingepimwa! Kuna seti ya pini nyembamba za kupimia matundu. Unafungua bakuli la kabureta, unaingiza pini, inapita au haipiti. Hakuna kabureta iliyofunguliwa. Kwa hiyo aliyetii kanuni alikohoa, na aliyebadilisha kimyakimya akampita kwenye kila kona. Ama ruhusuni jeti kwa wote, au zipimeni zote.

Na vumbi. Udongo wa Nakuru ni wa volkeno, laini kama unga, unapenya popote. Chujio la sponji lifuliwe kwa maji na sabuni baada ya kila siku, likauke kabisa, lichovywe oili safi, likamuliwe mpaka lisidondoke. Mtu akikwambia alitoe ili injini ipumue vizuri, mkatalie. Ringi na silinda zitachunika kabla msimu haujaisha. Gasketi kati ya kabureta na injini nayo ikaguliwe, ikivuja inanyonya vumbi lisilopita kwenye chujio.

Mchangiaji wa tatu (mshika bendera):

Dada na kaka zangu, hasira zenu nazielewa, lakini msitumwagie sisi wa bendera. Tulipewa bendera Jumamosi asubuhi, bila maelezo yoyote, na vituo vilikuwa vinne kwenye uwanja unaohitaji saba. Kutoka kituo cha pili hukioni cha tatu. Bendera ya njano ikipepea kona ya mbele, wa nyuma yako hajui.

Mwanzisha uzi:

Ndugu yangu wa bendera, hakuna anayekulaumu wewe. Lawama ni ya aliyekuweka hapo bila kukuelekeza. Ila kwa faida ya raundi ijayo, hili lisemwe wazi. Mtoto aliyekaa kwenye gokati macho yake hayafiki hata mita moja kutoka ardhini. Bendera ikishikwa nyuma ya rundo la tairi haioni. Asimame mahali palipoinuka, upande wa nje kabla ya kona, na kila kituo kikione kinachofuata. Njano ni punguza mwendo na usipite mtu. Nyekundu ni polepole mpaka mahali pa kusimama palipotajwa, siyo kufunga breki katikati ya njia kama walivyofanya wale watoto wawili, maana hakuna aliyewaambia. Nyeusi yenye duara la rangi ya chungwa, pamoja na namba ya gokati, ni kwamba chombo chako kina hitilafu, ingia ndani. Mkutano wa madereva ni wa kuwaonyesha bendera hizi moja moja, mtoto aitaje mwenyewe kwa sauti, siyo kusomewa wafadhili. Na hakuna kuvuka njia kuokota gokati iliyozima kabla njano haijapepea na wenye mwendo hawajapunguza. Jumapili tuliona mtu akikimbia katikati yao.

Fundi wa Kisumu, hoja ya jeti nimeichukua, inaingia kwenye barua.

Barua tunayoandika inataka haya: wale wanne waliopimwa na mbao wafutiwe kipimo kile, na matokeo ya fainali yatangazwe upya kwa uzito wa Jumamosi au fainali irudiwe bila ada, kanuni za raundi ijayo zitolewe kwa maandishi siku 14 kabla, zikiwa na jina la mkaguzi mkuu, idadi ya vituo vya bendera, na vifaa vya kupimia vitakavyokuwepo. Mzazi anayetaka kutia sahihi aandike namba ya gokati na daraja hapa chini. Mwenye picha za mizani, za ule waya au za tairi za udongo azitume zikiwa na saa zake. Ada ya raundi ijayo msitume kabla hizo kanuni hazijatoka.