Naombeni ushauri: Toyota Aqua ya mkononi, betri ya haibridi naikaguaje?

Habarini wakuu, natafuta gari ya kwendea kazini, naishi Kimara kazi yangu iko Posta, na foleni ya Morogoro Road mnaijua wenyewe. Gari ya umeme mtupu nimeiweka pembeni maana nimepanga, na mwenye nyumba wetu hata pasi akisikia imewashwa anauliza luku kanunua nani, sasa nikachaji gari pale si nitahama. Ndo nikaangukia Aqua ya 2013, injini ya petroli cc 1500 inayosaidiana na mota ya umeme, haibridi yake haichomekwi popote, inajichaji yenyewe ukikanyaga breki na kwa injini.

Nimeiendesha, kwenye foleni injini inajizima kabisa unasikia feni tu. Ila pale chini ya siti ya nyuma kwenye tundu la kupitisha hewa ya kupoza betri nimekuta vumbi limeganda kama blanketi, roho ikasita. Dalali anasema betri ni ile ya kwanza tokea Japani na haina shida, yeye atasemaje lakini. Fundi wangu kachomeka mashine ya kusoma makosa ya gari, haijaonyesha kosa, ila kakiri haibridi si fani yake.

Sasa wakuu, zaidi ya hiyo mashine, betri yenyewe inapimwaje kujua imechoka kabla sijatoa hela? Na ikifa, mliowahi kubadili mlinunua nzima au mlibadilisha seli zilizokufa tu, na hizo za kubadilisha zinadumu kweli au baada ya muda unarudi tena kwa fundi?