Likizo imeisha, wanangu hawajapumzika hata kidogo

Wakuu, leo Sabasaba, wenzangu mko viwanjani kule Kilwa Road na familia zenu mnakula mishkaki, mimi nipo home napiga pasi yunifomu huku nimenuna. Kesho shule zinafungua. Acheni nitoe ya moyoni maana mama watoto keshachoka kunisikiliza.

Kwenye karatasi likizo ni mwezi mzima. Nina mmoja la saba, mmoja la nne, kitinda mimba yuko la pili. Tulishapanga tangu Pasaka twende Lushoto kwa bibi yao wiki tatu, miaka miwili hajawaona, na jogoo wa kuwachinjia alishamtenga. Siku ya kufunga shule, saa mbili usiku, meseji inaingia kwenye grupu la wazazi: la nne na la saba wanabaki kambi ya masomo shuleni wiki tatu, elfu sabini kila kichwa, "ya uji na fotokopi". Hakuna kikao, hakuna kuulizwa. Nikaandika pale mbona ghafla hivi, mzazi mwenzangu akanijibu eti kama nataka matokeo mazuri nivumilie, wengine wakamgongea dole gumba kibao. Yaani na sisi wazazi ni tatizo.

La saba naelewa kidogo, mtihani wao Septemba. Sasa mtoto wa miaka kumi wa la nne kambi ya nini? Wenzetu Kenya wameandika kabisa kwenye sheria yao ya elimu ya msingi ya 2013 kwamba mwanafunzi asipigishwe tuisheni wakati wa likizo. Najua zipo shule zinakwepa, ila angalau mzazi ana pa kushikia.

Haya, kambi ikaisha tukabakiwa na siku tisa, toa mbili za barabarani. Anayeijua ile njia anajua, ukishafika Mombo unaaga joto unaanza kupanda zile kona kuelekea Soni, kitinda mimba akatapika mara mbili kwenye rambo, konda anatuangalia kama tumemkosea. Nikasema poa, tukifika tutapumzika. Wapi! Kufungua mabegi zinatoka holidei pakeji, yale mazoezi ya kufanya likizoni, ya la nne peke yake kurasa 64, fotokopi imefifia mpaka unakisia namba, na swali la 17 limerudi tena kama la 31.

Baridi ya Lushoto msimu huu mnaijua. Jioni bibi anachochea kuni, makande yanatokota, wajukuu wamejipanga kwenye benchi wanagawanya desimali. Usiku wa tatu yule wa la nne akasinzia penseli mkononi, mate yanadondokea ukurasa. Mama yangu akamtoa ile penseli taratibu, akamfunika kitenge chake, akanigeukia: "Mwanangu, hawa umewaleta kwangu au umewaleta kwa mwalimu?"

Nilikosa cha kumjibu.

Na kuna swali kwenye maarifa ya jamii, taja vivutio vitatu vya utalii mkoani Tanga. Dogo akajaza Mapango ya Amboni, akaniuliza baba kingine kipi. Wakuu, Irente ilikuwa hapo hapo, unatembea kwa mguu tu, unasimama juu ya jabali unaiona Mazinde kule chini nyumba kama vibiriti! Tulipanga twende Alhamisi. Hatukwenda, zilikuwa zimebaki kurasa 20. Kwa hiyo akaandika "Irente", mahali ambapo hajakanyaga, ili apate maksi.

Sasa mniulize hizo pakeji huwa zinaenda wapi. Ile ya Desemba nusu niliifanya mimi, msinicheke, na nyie mnafanya. Ilikusanywa, haikurudi. Mwezi wa tatu nimeenda kuwachukua watoto, nikanunua karanga za mia tano kwa mama anayeuza pale getini, nimemaliza karanga nakunjua karatasi nakuta ramani ya Afrika niliyoichora kwa mkono wangu, Madagaska nimeiweka upande wa Angola kabisa na hakuna aliyeona, hata tiki moja nyekundu hakuna.

Kesho asubuhi nawapeleka na pakeji tatu mpya zilizojazwa zote. Na rimu mbili za karatasi kwa kila mtoto, ndo wametuma meseji saa hii.