Darnold kabeba Super Bowl akiwa Seattle. Sisi Vikings tulikosea wapi hasa?

ZambarauNaDhahabu (Brooklyn Park, Minnesota)

Wakuu, habari zenu. Najua wengi bado mna machungu tangu Super Bowl ya Februari 8, 2026, fainali ya NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, na mimi ni mmoja wenu. Sam Darnold, aliyekuwa kwotabeki wetu (mrusha pasi), kanyanyua kombe na Seattle, 29-13 dhidi ya New England, na upande ule wa pili alikuwepo Stefon Diggs. Wanaume wawili waliovaa jezi yetu, kila mmoja na timu yake, na sisi wa 9-8 (ushindi 9, vipigo 8) tuko sebuleni tunatazama. Klabu hii imecheza Super Bowl nne, ya mwisho Januari 1977, na haijabeba hata moja.

Huku kwetu kila ukikaa na watu ni wimbo mmoja: "Tusingemwachia Darnold." Mimi nauliza kitu kingine. Tulimwachia kwa sababu gani? Maana kila nikizipanga zile sababu, hazikai pamoja.

Turudi 2024. Alikuja kwa mkataba wa mwaka mmoja, dola milioni 10, ashikilie nafasi mpaka kinda wetu J.J. McCarthy aive. Agosti McCarthy akaumia goti, msimu mzima ukamwishia. Darnold akacheza mechi zote 17: yadi 4,319, pasi 35 za tachidauni (za kufunga), ushindi 14. Kisha zikaja zile mbili za mwisho. Detroit wakatuchapa 31-9, halafu kwenye mtoano Rams wakatubamiza 27-9 kule Arizona, mechi ilikohamishiwa kwa sababu ya moto wa Los Angeles.

Siku ile Darnold aliangushwa na mpira mkononi mara 9. Nimeirudia ile mechi. Kuna mara aling'ang'ania mpira kupita kiasi, hilo sikatai. Lakini mara nyingine hata hajainua macho kumtafuta mpokeaji wake Jefferson, mtu keshapenya katikati ya mstari wa wanaomlinda na yuko kifuani kwake. Na Christian Darrisaw, mlinzi wake wa kushoto, alikuwa nje tangu Oktoba.

Sasa tazameni uongozi ulichofanya baada ya pale. Machi wakamleta Ryan Kelly na Will Fries kutoka Indianapolis. Aprili, raundi ya kwanza ya drafti (klabu zinapochagua vijana wapya kwa zamu), wakamchukua Donovan Jackson. Wote watatu ni watu wa katikati ya mstari! Yaani walikiri kwa vitendo kwamba ugonjwa ulikuwa pale. Wakatengeneza paa, halafu wakamhamisha yule aliyekuwa ananyeshewa.

Kuna mwenye maelezo anisaidie? Naomba hoja, matusi kwa McCarthy sitaki.

Mzee wa Skol

Mkuu, maelezo ni hesabu ya mishahara. Seattle walimpa milioni 100.5 kwa miaka 3. Ukiwa na kinda kama McCarthy, uliyemchukua namba 10 kwenye drafti, mshahara wake mdogo ndio unaokuwezesha kuwasajili hao akina Kelly na Fries, pamoja na Jonathan Allen na Javon Hargrave upande wa ulinzi. Ligi ina kikomo cha mishahara, huwezi kula vyote.

Pia tusimpe Darnold sifa za wenzake. Kwenye fainali Jason Myers alifunga kwa mguu mara 5, na mchezaji bora alikuwa Kenneth Walker, mkimbiaji. Ulinzi wa kocha wao Mike Macdonald ndio uliobeba kombe lile. Hata Novemba walipotufunga 26-0, Darnold hakurusha tachidauni hata moja.

Binti Mwanga

Na kwotabeki Daniel Jones hamumtaji? Alikuwa benchi letu mwishoni mwa 2024. Akamwaga wino Indianapolis kwa milioni 14, mwaka mmoja tu, na Colts wakaanza msimu 8-2. Kisha Desemba ndiyo akakatika kano ya kisigino, maskini. Mimi Darnold nilishamsamehe aende. Jones ndiye anayeniuma, kwa sababu bei yake tuliiweza.

ZambarauNaDhahabu

Dada Binti Mwanga, umegusa penyewe. Hapo ndipo nilipokuwa naelekea.

Mzee wangu, hesabu yako naiheshimu, ila kulikuwa na mlango mwingine. Sheria inaruhusu klabu kumzuia mchezaji mmoja kwa mkataba wa mwaka mmoja, na kwa kwotabeki ilikuwa kama milioni 40. Ni fedha nyingi, kweli. Lakini ungekuwa na mtu wa ushindi 14 nyuma ya mstari mpya, na kijana aliyetoka kwenye upasuaji wa goti angepata mwaka wa kupona na kujifunza. Kama milioni 40 zilikuwa nzito, basi Jones kwa 14. Hawakumbakisha yeyote. Kwotabeki mkongwe Carson Wentz alikuja mwishoni mwa Agosti, msimu uko mlangoni.

Na ile 26-0 unayoitaja, hebu itazame kwa upande wetu. McCarthy yuko nje, kagongwa kichwa. Anayeanza ni Max Brosmer, kijana ambaye kwenye drafti hakuchukuliwa na timu yoyote. Jaribio la nne, la mwisho, imebaki yadi moja, tuko yadi 4 tu kutoka mstari wao. Beki kamkumbatia, anaenda chini, na katika kuhangaika akauachia mpira uelee hewani. Ernest Jones wa Seattle akaudaka akakimbia yadi 85 mpaka mwisho wa uwanja. Mimi simlaumu Brosmer hata kidogo. Alitupwa pale na watu waliokuwa na mwaka mzima wa kujipanga. Justin Jefferson, mpokeaji bora kabisa tuliye naye, siku ile aliambulia yadi 4. Yadi 4, Jefferson!

McCarthy ana moyo. Mechi yake ya kwanza kule Chicago alirusha pasi ikanaswa na kurudishwa kwa tachidauni, na bado robo ya nne akaigeuza mechi, 27-24. Kisha kifundo cha mguu, kisha kichwa, kisha mkono. Kijana anayeumia hivi anahitaji mtu mzima pembeni yake, na yule mtu mzima tulikuwa naye.

Mzee wa Skol

Meneja mkuu wetu Kwesi Adofo-Mensah katimuliwa Januari. Si tayari amelipia?

ZambarauNaDhahabu

Meneja kaenda, sawa. Kocha O'Connell amebaki, na yeye mwenyewe ni kwotabeki wa zamani. Siamini uamuzi ule ulipita bila neno lake. Ninachotaka kwa meneja ajaye ni kimoja: aje na kwotabeki aliyekwisha kushinda mechi kwenye ligi hii, agombee namba na McCarthy tangu siku ya kwanza ya kambi, si mtu wa kuokotwa Agosti.

Binti Mwanga

Naunga mkono. Na kabla ya hapo mstari upone kwanza. Kelly alipata mtikisiko wa ubongo zaidi ya mara moja msimu wa 2025. Tukianza tena bila senta wa uhakika (yule wa katikati anayempasia kwotabeki mpira), hata umlete nani ataangushwa vile vile.