Mjadala: Je, Tabora inahitaji mahakama maalumu ya ukatili wa majumbani?

Mwanzisha mada, Urambo:

Ndugu zangu, naleta hoja kwamba mkoa wetu uwe na mahakama maalumu ya ukatili wa majumbani, na sababu yangu kubwa si ukali wa adhabu. Leo mwanamke aliyepigwa na mumewe huko Kaliua huanzia dawati la jinsia katika kituo cha polisi, akapewa PF3, yaani fomu ya polisi ya matibabu, aende hospitali, kisha jalada likaingia kwenye kesi ya jinai. Akitaka talaka, sharti apitie baraza la usuluhishi wa ndoa na kufungua shauri jingine, na matunzo ya watoto nayo yana mlango wake. Kila anapoingia anaeleza upya mbele ya mtu asiyejua yaliyosemwa kwingine, na jioni anarudi kulala nyumba ileile aliyopigiwa.

Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema wazi kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumchapa mwenzake. Sheria hiyohiyo inairuhusu mahakama kumzuia mwenzi msumbufu, lakini amri hiyo imefungamana na shauri la ndoa, hivyo mke asiyetaka kuachika, anayetaka tu kipigo kikome, haimfikii. Hispania walianzisha mahakama za namna hii kwa sheria ya mwaka 2004: hakimu mmoja husikiliza jinai pamoja na talaka na malezi, na ombi la ulinzi lazima lisikilizwe ndani ya saa 72, likigusa nani abaki nyumbani, watoto wakae na nani na nani atoe matunzo.

Mchangiaji, Nzega:

Shikamoo mzee wangu. Nia yako naiheshimu, ila mahakama hiyo ikijengwa Tabora mjini, mtu wa kijijini ataishia kukosa nauli. Halafu mume akiwekwa ndani wakati tumbaku iko kwenye bani la kukaushia, nani ataangalia moto? Malipo ya AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, yakitoka kwa jina lake, mama na watoto watakula nini? Ndiyo maana wanawake wenyewe wanakwenda kuomba kesi ifutwe na wazee wa ukoo wayamalize.

Mwanzisha mada, Urambo:

Marahaba mwanangu. Kuhusu umbali tunakubaliana kabisa, na kwa hiyo siombi jengo. Naomba kila mahakama ya wilaya itenge siku zake kwa mashauri haya, kwa hakimu aliyepata mafunzo, akiwepo ofisa ustawi wa jamii.

Kuhusu wazee, wana kazi yao katika mahari na mashamba, lakini mfupa uliovunjika si jambo la kumalizwa kwa faini ya mbuzi, kwa kuwa faini hiyo hulipwa kwa baba mkwe na aliyeumia habaki na kinga yoyote siku ya pili yake.

Hoja ya malipo ndiyo nzito, nami naona inaiunga mkono mahakama maalumu kuliko kuipinga. Hakimu wa jinai anayesikiliza shambulio peke yake hana la kusema juu ya fedha za tumbaku, ilhali anayeshika jinai na matunzo kwa pamoja anaweza kuamuru sehemu ya malipo impitie mama moja kwa moja, na mume akapewa dhamana kwa sharti la kuishi kwa nduguye hadi hukumu. Wenye uzoefu wa vyama vya msingi watueleze: amri ya namna hiyo itatekelezwaje pale AMCOS imekwisha kukata deni la mbolea?