Ushauri: Nifanyeje ili niweze kuhakiki chemshabongo za mafumbo bila kumwonea mtunzi?

Mfumbuaji_Birmingham aliandika:

Habari za jioni ndugu zangu. Mimi ni Mtanzania ninayeishi Birmingham, na kwa miaka mitatu sasa nimekuwa nikifumbua chemshabongo za mafumbo zinazotoka kila siku katika magazeti ya Uingereza. Sizungumzii zile za kawaida, ambazo kidokezo hutaja neno nawe ukaandika kisawe chake. Nazungumzia zile ambazo kila kidokezo husomeka kama sentensi ya kawaida, kumbe ncha yake moja, mwanzoni au mwishoni, ndiyo maana ya jibu, na sehemu iliyobaki ni maelekezo ya kulijenga jibu hilohilo herufi kwa herufi.

Tangu mwezi wa tatu nimekuwa nikiandika uhakiki wa kila siku kwa Kiswahili kwa ajili ya kikundi chetu cha watu kumi na mmoja, ambao baadhi yao wako Nairobi, wengine Dar es Salaam na wawili Muscat. Sote tunafumbua chemshabongo ya gazeti moja kupitia intaneti, na ifikapo jioni mimi hueleza kila jibu lilivyopatikana, nikasema ni kidokezo gani kilichonipendeza na ni kipi kilichopwaya.

Wiki mbili zilizopita nilikosea, na kosa hilo bado linanisumbua. Kulikuwa na kidokezo ambacho sitakinukuu, lakini muundo wake ulikuwa kama huu niliotunga mwenyewe: "Castle defence from maiden's grain (4)", yaani kinga ya ngome kutoka kwa nafaka ya mwanamwali (namba ndani ya mabano ni idadi ya herufi za jibu). Jibu ni MOAT, yaani handaki la maji linaloizunguka ngome. Niliona kwamba OAT ni nafaka, lakini sikuona sababu yoyote ya mwanamwali kuwa herufi M. Nikaandika kwamba mtunzi ameokoteza herufi na kwamba kidokezo ni kibovu. Haikupita saa moja mwenzetu wa Nairobi akanieleza, kwa upole kabisa, kwamba katika kriketi zamu ya mipira sita ambayo mpigaji hakupata hata mkimbio mmoja huitwa maiden, na katika daftari la matokeo hufupishwa kwa herufi M. Mtunzi hakuwa na kosa lolote. Mimi ndiye niliyekuwa sijui.

Naomba mnishauri. Kwanza, nikipata jibu bila kuielewa njia yake, je, ni halali kuliweka katika uhakiki? Pili, nitajuaje kwamba kidokezo ni kibovu kweli, na si kwamba ujuzi wangu ndio umeishia hapo?

Mwalimu_Mstaafu_Tanga alijibu:

Binti yangu, hongera kwa kukiri kosa mbele za watu. Nilianza kufumbua chemshabongo hizi nikiwa masomoni Uingereza, na kosa kama lako nimelitenda mara nyingi.

Nianze na swali la pili, kwa kuwa ndilo lenye uzito. Mwaka 1949 mtunzi mmoja aliyeitwa Alistair Ferguson Ritchie, aliyetumia jina la Afrit lililotokana na mwanzo wa majina yake (nasi Waswahili tunamfahamu afriti), aliandika kanuni ambayo hadi leo haijapata mshindani: mtunzi si lazima akusudie alichokisema, lakini ni lazima aseme alichokikusudia. Maana yake ni kwamba ana ruhusa ya kukupoteza kwa sura ya sentensi, lakini ukishafika kwenye jibu na kugeuka nyuma, kila neno lazima likubali kusomeka kwa namna iliyokupeleka pale. Baadaye Derrick Macnutt, mwalimu wa lugha za kale aliyejiita Ximenes, alizipanga taratibu hizo kwa ukali zaidi katika kitabu chake cha 1966. Mrithi wake katika gazeti la Observer, Jonathan Crowther, ambaye alianza kutunga humo mwaka 1972 kwa jina la Azed, ameufupisha msimamo wa Ximenes kwa kusema kwamba kidokezo kizuri kina maana sahihi ya jibu, kina maelekezo ya haki ya kulijenga, na hakina kitu kingine chochote.

Kwa hiyo, kabla hujaandika neno "kibovu", andika kwanza kazi ya kila neno katika kidokezo. Ukikuta neno ambalo kazi yake huioni, usiseme halina kazi. Sema kazi yake hujaiona. Katika kidokezo chako cha mfano, maiden lilikuwa neno pekee lisilo na maelezo, nalo lilikaa mahali palepale ilipohitajika herufi moja. Hiyo peke yake ilitosha kukuambia kwamba kuna ufupisho usioujua, na kamusi kubwa ya Kiingereza ingekuonyesha M chini ya maiden.

Nakupa zoezi, na naomba wengine wasilijibu. Kidokezo nimekitunga mwenyewe: "Country in broken yacht (5)", yaani nchi katika mashua iliyovunjika. Usiniletee jibu tu, niandikie uhakiki wake.

Shomari_K alijibu:

Namheshimu Mwalimu, lakini naomba nitofautiane naye kidogo, kwa sababu ushauri wake ukifuatwa peke yake unaweza kumfanya mhakiki aogope kusema lolote. Vidokezo visivyo vya haki vipo. Mfano unaofahamika zaidi ni ule wa kuvuruga herufi za neno ambalo halikuandikwa. Chukua kwamba mtunzi anakwambia uvuruge herufi za "mnyama wa mizigo" huku akitaka kwanza ukisie kwamba ni punda, ndipo uzivuruge P, U, N, D, A. Hapo amekufungia milango miwili kwa ufunguo mmoja, kwa kuwa mnyama wa mizigo anaweza pia kuwa ngamia au nyumbu. Watunzi na wahariri wengi hulikataa jambo hilo, na mhakiki ana haki ya kulisema wazi.

Zingatia pia kwamba magazeti hayafanani. The Times hachapishi jina la mtunzi wa chemshabongo yake ya kila siku, na mtindo wake umebanwa. The Guardian hutaja jina la kalamu la kila mtunzi na huwapa uhuru mkubwa zaidi, kwa hiyo kidokezo ambacho kingekataliwa pale kinaweza kukubalika hapa. Usimpime mtunzi wa The Guardian kwa mizani ya Ximenes halafu ukashangaa amepungua.

Bi_Mwanaisha_Mombasa alijibu:

Dada, mimi nilijifunza haki ya vidokezo kwa kujaribu kuvitunga kwa Kiswahili. Nilianza na vyepesi, kama "Mji wa kisiwani umo ndani ya kalamu (4)", ambacho kila mtu anakiona: kaLAMU. Kisha nikatunga nilichokipenda zaidi: "Lima kinyume upate utajiri (4)". Jibu ni MALI.

Nilipokipeleka kwa jamaa zangu wa bara wakaniambia nimekosea, kwa kuwa ukiigeuza LIMA herufi kwa herufi unapata AMIL, neno ambalo halina maana kwetu. Lakini sisi tuliokulia pwani tulicheza kinyume tangu utotoni, na katika kinyume hatugeuzi herufi bali silabi: li-ma, ma-li. Kwangu kidokezo kilikuwa safi, kwao kilikuwa dhuluma. Nilipousoma uzi wako nikaona kwamba ni kisa kilekile. Wewe na kriketi yao ndivyo walivyokuwa wao na kinyume yetu.

Ndiyo maana nakushauri katika uhakiki wako utumie aina mbili za lawama na usizichanganye. Ya kwanza ni "hapa mtunzi ametegemea jambo ambalo wengi wetu hatulijui", na hiyo ni taarifa muhimu kwa wasomaji wako kwa sababu inawafundisha. Ya pili ni "hapa maelekezo hayafiki kwenye jibu". Mtunzi analaumika katika ya pili tu. Mwenzenu wa Nairobi aliijua maiden pengine kwa kuwa kriketi ina mizizi Kenya. Timu yetu ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003. Katika kikundi chenu kila mmoja ana eneo lake la ujuzi, basi waulizeni wenzenu kabla ya kuhukumu.

Kibwagizo alijibu:

Kuhusu swali la kwanza: weka jibu, lakini andika mbele yake kwamba umelipata kwa kuangalia herufi zinazopishana na majibu mengine na kwa maana yake, na kwamba njia hujaiona. Wahakiki wa Kiingereza wenye uzoefu hufanya hivyo kila wiki, na mara nyingi huwa ni mtoa maoni wa kwanza anayewafungulia. Na kama ni chemshabongo ya zawadi, msiieleze hadi siku ya mwisho ya kupokea majibu ipite.

Mwalimu_Mstaafu_Tanga alijibu:

Shomari amesema kweli, na nakubali kwamba sikuligusa suala la magazeti kutofautiana. Niongeze moja tu, linalohusu jinsi ya kumtaja mtunzi. Mchungaji John Graham aliitungia The Guardian kwa miaka mingi kwa jina la Araucaria. Januari 2013, akiwa na umri wa miaka 91, aliwafahamisha wafumbuaji wake kwamba ana saratani, na aliwafahamisha kwa njia ya chemshabongo. Juu yake aliandika kwamba Araucaria ana kitu fulani cha kitu fulani, kinachotibiwa kwa namna fulani, akiwaelekeza kwenye namba za vidokezo. Wafumbuaji walipoijaza miraba wakakuta saratani, umio, na tiba ya kupunguza maumivu. Alifariki Novemba mwaka huohuo. Huwa namkumbuka kila ninapotaka kuandika kwamba mtunzi "ameokoteza". Upande wa pili wa ile miraba kuna mtu aliyekaa mezani akifikiria namna ya kukufikia.

Mfumbuaji_Birmingham aliandika:

Nawashukuru sana nyote. Nimechelewa kurudi kwa sababu zoezi la Mwalimu lilinichukua muda kuliko nilivyotarajia. Shikamoo Mwalimu, uhakiki wangu ni huu.

"Country in broken yacht (5). Jibu ni KENYA. Nilipoteza takribani dakika ishirini nikivuruga herufi za YACHT, kwa sababu broken ni ishara ya kawaida ya kuvuruga na YACHT ina herufi tano, sawasawa na idadi iliyotakiwa. Niliandika herufi hizo kwa duara nyuma ya bahasha na hakuna nchi iliyotokea. Nilipokuwa karibu kuandika kwamba idadi ya herufi imekosewa, nilikumbuka kuandika kwanza kazi ya kila neno, nikagundua kwamba nilikuwa nimeipa broken kazi ambayo mtunzi hakuipa. Jibu limejificha wazi: herufi tatu za mwisho za broken na mbili za mwanzo za yacht, broKEN YAcht. Sura ya sentensi inaonyesha chombo kilichovunjika baharini na inampeleka mfumbuaji kwenye njia isiyo sahihi, lakini hakuna neno lililodanganya. Nimekipenda."

Kuhusu MOAT, nimewaandikia wanakikundi kwamba lawama yangu ilikuwa batili, na nimeanza orodha ya vifupisho vya kriketi ambayo ndugu yetu wa Nairobi ndiye anayeijaza.

Mwalimu_Mstaafu_Tanga alijibu:

Vizuri sana binti yangu. Umebakiza neno moja bila kulieleza. Umetaja kazi ya Country kwa kutoa jibu, na umeeleza broken na yacht, lakini hukusema in inafanya nini. Hiyo ndiyo inayokuambia kwamba jibu limo ndani ya maneno yanayofuata, na bila hiyo kidokezo changu kingestahili lawama ya aina ya pili ya Bi Mwanaisha. Liongeze, kisha uwapelekee wenzako.